Watu wazima wajiandaavyo kwa KCSE ili kusomea uuguzi

WAHENGA walinena kuwa elimu ni bahari, na Kenya si ngeni kwa watu wanaoingia katika bahari hiyo wakiwa na mvi. Mzee Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Naye Priscilla Sitienei, mkunga wa siku nyingi kutoka Bonde la Ufa, alikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi alipofariki Novemba 2022 akiwa na umri wa miaka 99.

Hata hivyo, kwa mtu mzima anayetaka kurejea vitabuni ili awe muuguzi, moyo wa kusoma pekee hautoshi. Wamo wahudumu wa afya ya jamii, wafanyakazi wa usafi hospitalini, walezi wa wagonjwa na akina mama walioacha shule mapema, ambao wamekaa karibu na kazi hiyo kwa miaka mingi bila kuruhusiwa kuifanya. Kinachowazuia mara nyingi si umri wala uwezo, bali ni cheti cha kidato cha nne.

Nchini Kenya, anayetaka kusomea stashahada ya uuguzi huchujwa kwa matokeo ya Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE). Kwa mtu mzima, basi, huo ndio mtihani wa kuingilia chuoni. Aliyeufanya miaka 10 au 20 iliyopita na kukosa gredi zinazohitajika hana budi kuurudia kama mtahiniwa wa kibinafsi.

Gredi zinazohitajika

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kuwa gredi ya wastani ya C inatosha. Haitoshi. Ili kusomea stashahada, mwombaji anahitaji wastani wa C, pamoja na C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika Baiolojia, na angalau C- katika somo moja kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati. Anayelenga shahada ya chuo kikuu huhitaji kiwango cha juu zaidi, cha C+.

Masharti haya hayatungwi na kila chuo kivyake. Baraza la Wauguzi Kenya ndilo huweka kiwango, na kila mwanafunzi wa uuguzi sharti aandikishwe na baraza hilo ndipo hatimaye akubaliwe kufanya mtihani wake na kupata leseni. Kwa hivyo, chuo chaweza kupokea karo ya mwanafunzi asiyehitimu, lakini siku ya kuandikishwa ikifika, jina lake likakataliwa. Mtu mzima aliyeuza ng'ombe au kuchukua mkopo wa chama ili asome hana nguvu za kustahimili hasara kama hiyo. Ni vyema kuthibitisha masharti na baraza lenyewe kabla ya kulipa hata shilingi moja, na pia kuhakikisha kwamba chuo chenyewe kimeidhinishwa.

Kuhesabu pointi

Wastani wa KCSE huhesabiwa kwa masomo saba. Gredi ya A ina pointi 12 na E ina pointi moja, hivyo jumla ya juu kabisa ni pointi 84. Mtahiniwa mwenye pointi kati ya 39 na 45 hupata wastani wa C. Tangu mtihani wa mwaka 2023, Hisabati na lugha moja ndizo zinazohesabiwa kwa lazima, kisha huongezwa masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi.

Tuchukue mfano wa mtahiniwa aliyepata D+ katika Hisabati (pointi 4), B- katika Kiswahili (8), C- katika Kiingereza (5), C katika Baiolojia (6), C- katika Kemia (5), B- katika Elimu ya Dini (8) na C katika Biashara (6). Jumla ni pointi 42, ambazo ni wastani wa C. Kiswahili, Baiolojia na Kemia zimefikia viwango vyao. Huyu anaweza kutuma ombi, ingawa alianguka katika Hisabati na Kiingereza chake si cha kujivunia.

Sasa tuseme mtahiniwa huyo amepata A- katika Elimu ya Dini badala ya B-, lakini Baiolojia ikashuka hadi C-. Jumla yake inapanda hadi pointi 44, na wastani wake ungali C. Hata hivyo, mlango wa uuguzi umefungwa. Pointi zake zimeongezeka huku nafasi yake ikipotea, kwa sababu ya gredi moja tu ya Baiolojia.

Funzo la mfano huu ni kwamba mtu mzima asisome masomo yote saba kwa uzito mmoja. Anapaswa kutambua masomo matatu yanayofungua mlango, kuyapa muda mwingi, kisha kutumia yale mengine kujaza pointi za wastani.

Baiolojia na maabara

Baiolojia hutahiniwa kwa karatasi tatu. Ya kwanza na ya pili zina alama 80 kila moja, na ya tatu, ambayo ni ya maabara, ina alama 40. Maana yake ni kwamba sehemu moja kwa tano ya alama zote hupatikana kwa kushika vifaa, kuchunguza vielelezo na kuandika kinachoonekana. Mtahiniwa wa kibinafsi anayesomea jikoni usiku, asiwahi kuingia maabara hadi siku ya mtihani, huanza safari akiwa na upungufu.

Kwa sababu hiyo, wakati wa kuchagua kituo cha mtihani au darasa la jioni, swali la kwanza lisiwe karo bali maabara. Baadhi ya walimu wa sekondari hukubali kuwafunza watahiniwa wa kibinafsi mwishoni mwa juma au wakati wa likizo, na watu wazima watano au sita wanaweza kuchanga pesa na kumlipa mwalimu kwa pamoja. Kemia nayo ina karatasi ya maabara ya alama 40, na kupima asidi na besi kwa usahihi ni ustadi wa mkono ambao haupatikani kwa kukariri.

Katika karatasi ya pili ya Baiolojia, swali la sita ni la lazima. Lina alama 20, na kwa kawaida humtaka mtahiniwa kuchora grafu na kufafanua takwimu. Swali hili linafaa kufanyiwa mazoezi kila wiki, kwani mbinu yake haibadiliki sana hata takwimu zinapobadilika. Baada ya hapo mtahiniwa huchagua swali moja la insha kati ya mawili.

Kwa upande mwingine, mtu mzima ana faida ambayo kijana hana. Mada kama vile mzunguko wa damu, upumuaji, utoaji wa taka mwilini na uzazi zinahusu mambo aliyoyaona kwa macho. Aliyemuuguza mzazi mwenye kisukari anaelewa upesi kazi ya kongosho na insulini. Lakini mtahini hatoi alama kwa uzoefu. Hutoa alama kwa istilahi sahihi na hatua zilizopangwa, hivyo uzoefu huo sharti ufundishwe kuzungumza lugha ya kitabu.

Kiswahili au Kiingereza

Kwa kuwa lugha yoyote kati ya hizi mbili inakubaliwa, mtahiniwa aliyekulia katika Kiswahili hana sababu ya kukiona kama somo la ziada. Kiswahili kina karatasi ya Insha yenye alama 40, ya Lugha yenye alama 80 na ya Fasihi yenye alama 80. Katika Insha, swali la kwanza ni la lazima, na kwa kawaida hudai muundo maalumu kama vile barua, ripoti au hotuba. Mtahiniwa anayeijua miundo hii hupata alama ambazo fundi wa maneno asiyeijua huzipoteza.

Tahadhari ni kuhusu vitabu teule. Aliyesoma Utengano au Kifo Kisimani shuleni asidhani kuwa vingali vinatahiniwa. Katika miaka ya karibuni, vilivyotahiniwa ni pamoja na riwaya ya Nguu za Jadi na tamthilia ya Bembea ya Maisha. Ni muhimu kuulizia orodha ya mwaka husika kabla ya kununua kitabu.

Usajili na ratiba

Usajili wa KCSE kwa kawaida hufanywa katika miezi ya kwanza ya mwaka, nao watahiniwa wa kibinafsi huelekezwa kwenye vituo na ofisi za elimu za kaunti ndogo. Majina kwenye kitambulisho, cheti cha zamani na fomu ya usajili yanafaa kulingana, kwani tofauti ya herufi moja huleta usumbufu wa miezi mingi baadaye. Aidha, masomo kama Kilimo yana mradi unaofanywa mapema kabla ya mtihani, na huenda yasimfae mtu asiye na shule.

Mitihani ya maabara hufanywa kabla ya karatasi nyingi za nadharia, ambazo huandikwa mwezi wa Novemba. Anayeanza kusoma Januari, basi, ana takriban wiki 40. Akitenga saa mbili kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa na saa nne Jumamosi, atakuwa na saa 14 kwa wiki, yaani saa 560 kwa jumla. Anaweza kutenga saa tano kwa Baiolojia, tatu kwa Kemia, mbili kwa lugha aliyoichagua, mbili kwa Hisabati, na mbili zilizosalia kwa masomo mengine.

Saa hizo hazina budi kutumiwa kujibu maswali kuliko kusoma kurasa. Asomaye ukurasa mara tatu hudhani ameuelewa, ilhali anayefunga kitabu na kujaribu kuandika jibu hugundua upesi pale alipokwama. Karatasi za miaka iliyopita zinapatikana kwa urahisi, na Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) huchapisha ripoti inayoeleza ni maswali gani yaliwashinda watahiniwa na kwa nini. Ripoti hiyo ni mwalimu wa bei nafuu.

Aidha, familia inafaa kuelezwa mpango huu mapema. Saa mbili za jioni hazipatikani katika nyumba ambayo kila mtu anasubiri mama apike, afue na asimamie kazi za shule za watoto. Pasipo mgawanyo mpya wa kazi za nyumbani, ratiba hubaki karatasi ya kubandika ukutani.

Walaghai na wakati

Mtu mzima mwenye haraka na akiba kidogo ni windo la walaghai wanaotangaza mitandaoni kuwa wana karatasi za mtihani kabla ya siku. Nyingi huwa ni bandia, na hata ikiwa ya kweli, sheria ya KNEC ya mwaka 2012 inaadhibu wizi wa mitihani, na matokeo ya mtahiniwa yaweza kufutwa. Kwa anayeomba kukabidhiwa maisha ya wagonjwa, huo ni mwanzo mbaya.

Jambo la mwisho ni wakati. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4, lililofanya KCPE mwaka 2023, linatarajiwa kuandika KCSE mwaka 2027. Vitabu, walimu na madarasa ya mfumo huo vinaendelea kupungua huku shule zikiingia katika mtaala mpya. Kwa hiyo, anayekusudia kurudia mtihani asingoje mwaka wa baadaye. Achukue cheti chake cha zamani leo, aweke alama kwenye Baiolojia, lugha na sayansi moja, kisha afike katika ofisi ya elimu iliyo karibu naye kuulizia usajili.