Unataka kompyuta yako ing'ae? Hesabu pini kwanza

Umeona matatu za Nairobi zinavyometameta usiku, nawe unataka kompyuta yako hapo Mwala iwake vivyo hivyo? Poa. Tepe za taa za LED zimejaa madukani Luthuli Avenue. Ila kabla hujapanda gari, fungua keisi uhesabu pini za taa kwenye mazabodi.

Pini 3 ni volti 5: kila taa huwaka rangi yake. Pini 4 ni volti 12: utepe mzima hubadilika rangi pamoja. Ukichomeka wa volti 5 kwenye volti 12, umeuchoma. Wangu ulizima hivyo, na muuzaji hakunirudishia hata shilingi.

Ukishapata unaofaa, zima mashine, chomoa waya ukutani, pangusa vumbi kwa spiriti, kisha ubandike mbali na feni. Ukizidi urefu, kata palipochorwa alama ya mkasi pekee.

Na usijidanganye, taa haziongezi spidi. Kama pesa ni za kubahatisha, nunua RAM kwanza. Gemu ikiganda, itaganda tu, hata keisi ikiwaka kama matatu.