Muzazi Akigonjwa Akili, Nani Atawaambia Watoto?

Mutu akivunjika muguu, jamaa yote inakuja kumuona. Wanaleta kuni, wanaleta ndizi na samaki, wanaketi karibu na kitanda chake. Watoto wake wanauliza, "Baba alianguka wapi?" nao wanajibiwa. Lakini mutu akigonjwa akili, watu wanafunga mulango. Hakuna anayeleta kuni. Na watoto wakiuliza, wanaambiwa, "Nyamaza!"

Leo tunataka kusema nawe juu ya watoto hawa walioambiwa wanyamaze. Wanafika hospitalini pamoja na wazazi wao, wanakaa inje chini ya muti, na mara nyingi hakuna anayewauliza hata neno moja.

NYUMBA MOJA

Tuwaze nyumba moja. Labda inafanana na nyumba unayoijua katika muji wako. Mama amezaa, siku 8 zimepita. Sasa halali usiku. Anatembea, anasema na watu wasioonekana, anasema kwamba mutoto muchanga si wake. Baba yuko mbali, kwenye machimbo ya zahabu. Nyumbani kuna binti wa miaka 11 na kijana wa miaka 7.

Binti ameacha shule. Anateka maji, anatwanga mihogo, anabeba mutoto muchanga. Usiku anaficha kisu chini ya mukeka wake ili mama asikione. Kijana hasemi kitu. Wiki iliyopita alivunja mutungi wa maji, na mama alipiga kelele, "Wewe utaniua!" Kesho yake ugonjwa ulianza. Basi kijana anajua moyoni mwake nani aliyemugonjesha mama. Ni yeye mwenyewe.

Angalia vizuri, ndugu. Hakuna aliyemwambia vile. Watu wakubwa walinyamaza, wakifikiri kwamba wanamulinda. Lakini moyo wa mutoto haukai bila jibu. Usipompa neno la kweli, atajitafutia jibu lake, na mara nyingi jibu lile ni baya kuliko kweli. Neno hili ndilo tunalotaka ulishike leo: kumutunza muzazi mugonjwa bila kusema na watoto wake ni kufanya nusu ya kazi.

NI UGONJWA WA KWELI

Kichwa ni sehemu ya mwili. Kinaweza kugonjwa kama vile tumbo au mapafu yanavyogonjwa. Tena magonjwa ya akili si ya namna moja.

Wamama wengine wanashikwa gafula katika wiki 2 za kwanza nyuma ya kuzaa, kama mama wa nyumba yetu. Ule ni ugonjwa wa haraka. Usingoje hata siku moja. Watu wengine wanapata huzuni kubwa. Hawana nguvu ya kuamuka, hawataki kula, hawaoni tena sababu ya kuishi. Wengine wanasikia sauti ambazo mutu mwingine hazisikii, na wanaogopa kwamba watu wanawawinda. Ugonjwa ule, ukikaa muda murefu, mara nyingi ni ule wanganga wanaouita skizofrenia. Wengine waliona mambo ya vita, na macho ya moyo wao yanaendelea kuyaona. Pombe kali na bangi zinaweza kuharibu akili. Vilevile malaria ikipanda kichwani inaweza kumufanya mutu aseme ovyo. Kwa sababu hii munganga atapima homa na damu kwanza. Usipoteze siku kwa mufumu; malaria ile inaweza kuua kwa muda mufupi.

Dawa ziko. Mwaka 1952 kule Paris, daktari Jean Delay na daktari Pierre Deniker walionyesha kwamba dawa inayoitwa klorpromazini inatuliza akili iliyochafuka. Mwaka 1958 Paul Janssen na watu wa kazi yake kule Ubelgiji wakapata haloperidoli. Dawa hizi mbili zinatumiwa hata leo.

Lakini jamaa inapashwa kujua mambo matatu. Kwanza, dawa ya huzuni, kama amitriptilini, haisaidii kwa siku moja. Mungoje wiki 2 hata 4. Pili, haloperidoli inaweza kukaza shingo au kutetemesha mikono. Musiitupe, mumurudishe mugonjwa hospitalini, na munganga atapunguza kipimo au ataongeza dawa nyingine. Tatu, mutu akiona amepona asiache dawa kwa mapenzi yake mwenyewe. Mara nyingi anapashwa kuendelea karibu mwaka muzima nyuma ya kupona.

Na neno moja kwa ajili ya watoto: vidonge vichache vya amitriptilini vinaweza kuua mutoto mudogo. Viweke juu, ndani ya sanduku lenye kufungwa, na mutu mukubwa ndiye achunge ufunguo.

MANENO MANE YA KUMWAMBIA MUTOTO

Sasa turudi kwa kijana wetu. Nani atasema naye? Kama mama amepata nafuu, ni vizuri mama mwenyewe aseme. Ikiwa hawezi bado, achaguliwe mutu ambaye mutoto anamupenda. Tuseme ni mama mukubwa, dada ya mama yake. Anamwita pembeni, anaketi naye chini, hasemi kwa ukali.

"Mwanangu, umeona ginsi mama alivyo?"

"Ndiyo, mama mukubwa."

"Mama ana ugonjwa. Ugonjwa uko katika akili yake. Ni ugonjwa unaomufanya aseme maneno yasiyo yake."

Kijana anaangalia chini. Kisha anauliza, "Ni kwa sababu ya mutungi?"

Ona, ndugu musomaji! Alibeba neno lile siku nyingi, naye hakupata mutu wa kulitua kwake. Mama mukubwa anajibu, "Hapana, mwanangu. Mutungi ni udongo tu. Mutungi hauwezi kugonjesha mutu."

Basi maneno mane ni haya:

1. Muzazi wako ana ugonjwa.
2. Si wewe uliyeuleta.
3. Si kazi yako kuuponya.
4. Kuna mutu mukubwa atakayekuchunga, na jina lake ni fulani.

Neno la ine lisisahauliwe. Taja jina. Mutoto akiambiwa tu, "Tutakuchunga," hajui usiku atabisha mulango wa nani.

Sema mara nyingi, si mara moja. Mutoto mudogo atauliza tena kesho, na kesho kutwa. Usikasirike. Anajaribu jibu lako kama mutu anayejaribu daraja kwa muguu mumoja mbele ya kuvuka.

Watoto wakubwa wana ulizo lingine. Wanaogopa kusema, lakini wanafikiri, "Mimi pia nitakuwa hivi?" Uwajibu kwa kweli. Ugonjwa huu hauambukizi. Unaweza kula sahani moja na muzazi wako. Katika magonjwa mengine ya akili, watoto wa mugonjwa wana hatari zaidi kidogo kuliko watu wengine. Lakini hata katika skizofrenia, kama muzazi mumoja anayo, karibu watoto 9 katika 10 hawataipata. Wambie pia wajiepushe na bangi, maana inaongeza hatari.

USIMWITE MUTOTO NDOKI

Katika miji yetu kuna hatari nyingine. Mutoto akisema, "Nilivunja mutungi, mama akagonjwa," wengine hawatamutuliza. Watasema, "Tumemupata ndoki!" Watamupiga, watamufungisha chakula, watamufukuza. Watoto wengi wanaolala sokoni walifukuzwa namna hii.

Ndugu, ukisikia neno hili katika jamaa yako, simama ulikatae. Mutoto aliyepigwa hawezi kumuponya mama yake. Sasa mumepata wagonjwa wawili. Tena serikali imekataza. Katiba ya inchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto juu ya ulozi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto, inamupa azabu mutu anayefanya vile.

MUTOTO ASIFANYWE MUZAZI

Binti wa miaka 11 anaweza kusaidia. Kuteka maji na kumubeba mudogo wake ni kazi ambazo watoto wetu wote wanazifanya. Lakini hawezi kuwa mulinzi wa usiku. Hawezi kuchunga dawa, wala kumushika mama anayetaka kukimbilia mutoni. Kazi zile ni za watu wakubwa.

Basi jamaa ikutane, na tena ikutane wakati mugonjwa ana nafuu, ili yeye mwenyewe aseme mapenzi yake. Gawanyeni kazi kwa majina:

Nani atalala katika nyumba ile usiku?
Nani atachunga dawa na kwenda na mugonjwa hospitalini siku ya kurudi?
Nani atapika, na nani atalima shamba?
Nani atakaa na watoto kama ugonjwa unarudi?
Ni dalili gani zinazoonyesha kwamba unarudi? Kwa wengi, dalili ya kwanza ni kukosa usingizi.

Andikeni majibu katika daftari. Binti arudi shuleni. Wambieni mwalimu wake habari kidogo, ili asimupige akichelewa au akisinzia. Tena watoto wapate nafasi ya kucheza. Mutoto anayecheza si kwamba amemusahau mama yake. Anapumuzika.

KAZI YA KANISA NA YA JIRANI

Mwaka 1954, kule Abeokuta katika inchi ya Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianza njia mpya karibu na hospitali ya Aro. Hakutaka kuwafungia wagonjwa wote nyuma ya ukuta. Walipanga katika nyumba za wakulima wa vijiji vya karibu, kila mumoja pamoja na ndugu yake wa kumutunza. Walipata dawa hospitalini, nao waliendelea kuishi katikati ya watu. Daktari yule alikuwa Mwafrika, naye alijua kwamba mugonjwa anahitaji jamaa yake kama anavyohitaji dawa.

Sisi tunaweza kufanya vile hata bila feza nyingi. Wamama wa kanisa wanaweza kupalilia shamba la nyumba ile siku moja kila wiki. Muchungaji anaweza kuingia, kuketi, na kuwasalimia watoto kwa majina yao. Tuombe pamoja nao, ndiyo. Lakini tusimufunge mugonjwa kwa minyororo, tusimupige, wala tusimulazimishe kufunga chakula. Kumbuka habari ya Elia katika kitabu cha Wafalme. Alipochoka kabisa hata akataka kufa, Mungu hakumupa fimbo. Alimuacha alale, akamutumia mukate na maji, kisha usingizi tena na chakula tena. Nyuma ya mambo yale ndipo alipomupa kazi.

Na wewe munganga unayesoma kitabu hiki, ongeza ulizo moja katika kazi yako. Muzazi akiletwa kwako na ugonjwa wa akili, uulize, "Una watoto wangapi, na nani anawachunga leo?" Katika inchi ya Ufini, daktari Tytti Solantaus aliwafundisha wanganga kusema na wazazi wagonjwa juu ya watoto wao. Ulizo hili halihitaji dawa wala mashini. Kisha toka inje, uende chini ya muti, useme na wale wanaongoja.

SIKU YA HATARI

Mupeleke mugonjwa hospitalini siku ileile:

kama anasema anataka kufa, au anataka kuua mutu;
kama ni mama aliyezaa karibuni, naye amechafuka akili;
kama ana homa, shingo ngumu, au anaanguka kifafa;
kama hali wala hanywi.

Usimuache peke yake. Ondoa visu, kamba, na dawa za kuua wadudu. Watoto walale kwa jirani usiku ule. Kama mama anasema mutoto muchanga si wake, mutu mukubwa amushike mutoto, naye amulete mama anyonyeshe akiwa karibu naye, kadiri munganga atakavyosema. Hospitali nyingi zinaweza kuanza matunzo. Kama ugonjwa unashinda nguvu zao, watakutuma mahali penye wanganga wa akili, kama SOSAME katika Bukavu, Tulizo Letu katika Goma, au CNPP katika Kinshasa.

NENO LA MWISHO

Ndugu musomaji, wagonjwa wengi wa akili wanapata nafuu, na wamama wengi waliogonjwa nyuma ya kuzaa wanapona kabisa. Siku moja mama yule ataketi tena mbele ya moto wake, naye atauliza, "Watoto wangu walikaa namna gani?" Jibu lako litakuwa nini?

Usingoje siku ile. Kama unajua nyumba inayofanana na ile, uende leo. Beba kuni kama unavyobebea mutu aliyevunjika muguu. Ukiisha kuzitua, mutafute mutoto asiyesema kitu, uketi chini karibu naye.

MAULIZO YA KUJIBU

1. Kwa nini si vizuri kumunyamazisha mutoto anayeuliza juu ya ugonjwa wa muzazi wake?
2. Taja maneno mane ya kumwambia.
3. Kwa nini munganga anapima homa na damu kwanza?
4. Dawa za mugonjwa ziwekwe wapi, na kwa sababu gani?
5. Katika muji wako, ni nyumba gani inayongoja kuni zako?