Mtumishi Anapohama: Funguo, Mihuri na Nywila Hubaki kwa Nani?

Na Mwandishi Wetu, Songea

Barua ya uhamisho wa mtumishi wa umma kwa kawaida haizidi ukurasa mmoja. Hutaja kituo anachotoka, kituo anachokwenda, tarehe ya kuripoti na iwapo uhamisho huo ni kwa manufaa ya umma au kwa maombi yake mwenyewe, jambo ambalo huamua nani abebe gharama za safari. Yasiyotajwa, au yanayotajwa kwa mstari mmoja tu wa kumtaka akabidhi ofisi, ni funguo za stoo, mhuri, pikipiki, kishikwambi, mashine ya kukusanyia mapato na nywila za mifumo. Hata hivyo, kwa mwananchi aliyeketi kwenye benchi la ofisi ya kijiji akisubiri barua ya utambulisho, mstari huo mmoja ndio unaomgusa kuliko mingine yote.

Katika Mkoa wa Ruvuma suala hili lina uzito wa pekee kutokana na umbali. Mkoa una wilaya tano za Songea, Mbinga, Nyasa, Namtumbo na Tunduru, zenye jumla ya halmashauri nane. Mtumishi anayehama kutoka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, kwenda Tunduru husafiri zaidi ya kilomita 400 akipitia Mbinga, Songea na Namtumbo. Akifika na kugundua kuwa ufunguo wa kabati la nyaraka umebaki mfukoni mwake, hana namna ya kuurudisha siku hiyo. Atautuma kwa basi, na hadi utakapofika kabati litakuwa limebaki limefungwa, au limevunjwa.

Siku hizi maombi ya uhamisho huwasilishwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa huduma kwa watumishi, unaofahamika kwa kifupi kama ESS, badala ya mtumishi kubeba barua mkononi kutoka ofisi hadi ofisi. Hatua hiyo imewaondolea watumishi wengi safari za kwenda Dodoma kufuatilia majibu. Lakini mfumo haukabidhi funguo. Kazi hiyo bado hufanywa na watu wawili au watatu waliosimama mbele ya kabati, wakiwa na karatasi na kalamu.

Msingi wake ni mwepisi kueleweka. Kifaa cha ofisi ni mali ya umma, na anayekitumia ni mtunzaji tu. Kila kifaa hupewa namba ya utambulisho na kuingizwa katika daftari la mali, na Serikali inazo sasa kumbukumbu hizo pia katika Mfumo wa Usimamizi wa Mali za Serikali, GAMIS, ulio chini ya Wizara ya Fedha. Mtunzaji anapobadilika, kumbukumbu nazo hubadilika, na kinachounganisha mabadiliko hayo mawili ni hati ya makabidhiano, inayosainiwa na anayekabidhi, anayepokea na shahidi, ambaye mara nyingi ni msimamizi wao.

Hati nzuri haiishii kusema kuwa ofisi imekabidhiwa ikiwa salama. Inataja kompyuta mpakato moja na namba yake, chaja ipo au haipo, kioo kina ufa au hakina. Pikipiki yenye namba za usajili za SM, imetembea kilomita ngapi, tairi la nyuma likoje. Tena inataja majalada yaliyokuwa mezani na hatua iliyofikiwa katika kila moja. Hili la majalada ndilo hurukwa kuliko yote, kwa kuwa jalada halina namba ya mali. Mwananchi aliyewasilisha maombi ya kiwanja mwezi Machi anaambiwa mwezi Julai aanze upya, kwa sababu afisa aliyekuwa anashughulikia maombi yake amehama na hakuna anayejua yalifikia wapi. Maombi hayajapotea, yamo kwenye droo.

Mhuri nao una hatari zake. Mhuri wa ofisi ya mtendaji wa kijiji au wa kata ndio unaoipa nguvu barua ya utambulisho inayopelekwa benki, shuleni au kituo cha polisi. Ukibaki kwa aliyehama, wananchi hukosa huduma. Ukiachwa kwa jirani au kwa mwenye duka kwa nia njema ya kurahisisha mambo, hakuna tena anayeweza kusema kwa uhakika ni barua zipi zilizotolewa na ofisi na zipi hazikutolewa. Kwa hiyo mhuri hukabidhiwa kwa mtu mwenye dhamana, kwa maandishi. Aliyeteuliwa kurithi nafasi akiwa bado hajaripoti, hukabidhiwa msimamizi.

Eneo ambalo limewaingiza watumishi wengi matatani ni mashine za kukusanyia mapato, ambazo sote tunaziita POS. Mkusanyaji huingia kwenye mashine kwa utambulisho wake mwenyewe. Kila ushuru anaoutoza huandikwa kwa jina lake, na hubaki kuwa deni lake hadi fedha zifike benki kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu serikali za mitaa zimekuwa zikiibua mara kwa mara hoja ya makusanyo ya mashine hizi ambayo hayakupelekwa benki.

Tuchukue mfano wa mtendaji wa kijiji anayehama mwezi Agosti, mahindi yakiwa yanatoka mashambani na malori yakipishana barabarani. Mrithi wake hajafika. Kwa kuwa geti la ushuru haliwezi kubaki bila mtu, anamwachia kijana wa mgambo mashine pamoja na nywila, akimwambia aendelee nayo kwa siku mbili tatu. Siku mbili zinakuwa miezi miwili. Novemba, akiwa kituo kipya, anapokea barua ya kudaiwa mamilioni ya shilingi yaliyokusanywa kwa jina lake baada ya yeye kuondoka. Hajachukua hata senti moja, lakini hana karatasi ya kuthibitisha hivyo, na mfumo unamtambua yeye. Yule kijana naye atasema alikuwa akifanya kazi aliyopewa, na hatakuwa amedanganya.

Njia sahihi haihitaji muda mrefu. Mhasibu wa mapato huangalia deni la mkusanyaji katika mfumo siku ya makabidhiano, fedha zilizo mkononi hupelekwa benki, mashine hurudishwa halmashauri, na akaunti ya anayehama hufungwa. Anayepokea hufunguliwa akaunti yake. Kama kuna pengo kati ya wawili hao, halmashauri humpangia mkusanyaji wa muda mwenye utambulisho wake mwenyewe. Mtumishi anayehama anayo haki, na kwa kweli ni wajibu wake, kudai karatasi inayoonesha kuwa hadaiwi. Asiondoke bila hiyo hata kama gari la mizigo limeshapakia.

Mantiki hiyohiyo inahusu shule na vituo vya kutolea huduma za afya, ambavyo sasa hupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao za benki. Mwalimu mkuu au mganga mfawidhi huwa mmoja wa watia saini. Akihama, ni lazima benki ipelekewe barua rasmi ya kubadilisha watia saini, na hadi hapo fedha za chaki, za usafi au za matengenezo ya paa hukaa bila kuguswa. Katika zahanati kuna nyongeza moja: mahitaji ya dawa hupelekwa Bohari ya Dawa kwa njia ya mfumo, na mwenye utambulisho wa kuyaingiza akiondoka bila mwingine kusajiliwa, agizo huchelewa. Mgonjwa anayeambiwa dawa hakuna hawezi kujua kuwa chanzo chake ni akaunti ya mtu ambaye sasa yuko wilaya nyingine.

Hapa tunafika kwenye nywila, na ni vyema kusema ukweli kuhusu jinsi zinavyotumika maofisini. Watumishi wengi huazimana nywila kwa sababu kazi inasubiri na mgeni hajapewa ya kwake, si kwa nia mbaya. Mwandishi wa makala haya, alipoanza kazi katika ofisi ambayo hataitaja, alikabidhiwa kompyuta iliyobandikwa kipande cha karatasi chenye nywila ya mtu aliyekuwa amestaafu. Ilifanya kazi. Hilo ndilo lilipaswa kumshtua mtu, lakini hakuna aliyeshtuka.

Mtumishi mpya ndiye hukumbwa zaidi na hali hii. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilitangaza nafasi 21,200 za ajira katika kada za ualimu na afya, 13,130 za walimu na 8,070 za afya. Kila anayeajiriwa hufika kwa mwajiri na vyeti vyake halisi na namba ya Kitambulisho cha Taifa, hujaza fomu, kisha taarifa zake huingizwa kwenye mfumo wa taarifa za kiutumishi na mishahara ili apate namba ya mwajiriwa, ile inayojulikana kwa wengi kama cheki namba. Bila namba hiyo hawezi kuingia ESS, na mambo yake mengi ya kiutumishi husimama. Siku au wiki za kusubiri ndizo zinazozaa mazoea ya kuazima, na mazoea hayo hayaishi namba inapotoka.

Sheria haziko kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inaweka msingi wa matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaokusanya taarifa za watu kuzilinda zisifikiwe na wasiohusika. Akaunti ya muuguzi aliyehama ambayo bado inafungua kumbukumbu za wagonjwa wa kituo chake cha zamani ni mlango ulioachwa wazi, hata kama mwenyewe ni mwadilifu na hana haja ya kuutumia.

Kiungo kinacholegea mara nyingi kiko kati ya dawati la utumishi na dawati la TEHAMA. Afisa utumishi hujua mapema nani anahama, lakini afisa TEHAMA hupata habari kwa kumwona mtu akifungasha. Nakala ya barua ya uhamisho ikipelekwa pia kitengo cha TEHAMA, kwa mhasibu na kwa mtunza stoo siku ileile inapotolewa, sehemu kubwa ya matatizo yaliyoelezwa hapa haitokei. Utaratibu huo haugharimu zaidi ya karatasi tatu.

Vifaa vidogo vinavyobebeka vimeongeza ugumu. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vilielekezwa baadaye kwa walimu, na mwaka huohuo maafisa ugani walianza kupewa pikipiki kwa ajili ya kuwafikia wakulima. Kifaa kinachokaa begini au kinacholala nyumbani kwa mtumishi huanza taratibu kuonekana kuwa chake. Familia yake hukiita chake. Kabla ya kufungasha, mtumishi amuulize mwajiri kwa maandishi iwapo kifaa kinabaki kituoni au anaambatana nacho, na jibu liingizwe kwenye daftari la mali. Kama ni kishikwambi, picha na nyaraka binafsi ziondolewe, na za kazi zihamishiwe zinakotakiwa, kabla ya kukabidhiwa kwa mwingine.

Wapo pia wanaoondoka bila nafasi ya kukabidhi: aliyefariki, anayeugua kwa muda mrefu, aliyesimamishwa kazi. Kwa hao msimamizi hufungua ofisi mbele ya mashahidi na kuorodhesha kilichomo. Familia ya marehemu isibebeshwe mzigo wa kutafuta funguo wakati wa msiba, ingawa ikikuta mali ya ofisi nyumbani inapaswa kuirejesha na kupewa karatasi ya mapokezi.

Mwananchi anayeambiwa kuwa huduma haipo kwa sababu mhusika amehama anaweza kuuliza nani anakaimu nafasi hiyo, kwa kuwa kuhama kwa mtu mmoja hakufungi ofisi. Anayelipa ushuru adai stakabadhi ya mashine na aangalie jina la aliyeitoa. Akikuta jina la mtu anayejua kuwa alishahama, alifikishe kwa mkurugenzi wa halmashauri. Malalamiko na maoni hupokelewa katika madawati ya malalamiko ya halmashauri na kupitia mfumo wa e-Mrejesho, unaopatikana pia kwa simu ya kawaida kwa kupiga *152*00#. Penye dalili za rushwa, namba ya TAKUKURU ni 113, na kupiga ni bure.