Goma: Kamera za mkanda hazijafa, na kahawa inaweza kusafisha picha

Kahawa ya kopo inayoyeyuka majini, soda ya kufulia na vitamini C. Vitu hivi vitatu vinatosha kutoa picha kwenye mkanda wa kamera ya zamani, ndani ya nyumba, bila studio. Kwa wakaaji wa Goma ambao bado wana kamera ya baba au ya babu ndani ya sanduku, hiyo ni habari ya kufurahia.

Kabla ya simu kuja na kamera, kila kartye ilikuwa na mpiga picha wake. Watu walivaa vizuri, wakasimama mbele ya pazia, kisha wakangoja siku kadhaa. Picha za ndoa, za ubatizo na za diploma zilitoka hivyo. Mwenye studio alibaki na negatifu, na aliyepoteza picha yake aliweza kurudi kuomba nyingine.

Negatifu nyingi hazipo tena. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuteketeza maduka na nyumba pamoja na yote yaliyokuwemo. Volkano ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Vita navyo vimewakimbiza watu mara nyingi, na anayekimbia hubeba watoto, godoro na sufuria kwanza. Bahasha ya picha hubaki nyuma.

Kamera imeacha alama

Katika Kongo, kamera ndogo ya mkanda imekwisha kutengeneza majina makubwa. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 kwa ajili ya ndoa yake. Baadaye akawa mpiga picha wa Franco na wa maisha ya usiku ya Kinshasa. Alikufa mwaka 1997, na leo picha zake zinaonyeshwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya.

Kivu nayo ilipigwa kwa mkanda wa ajabu. Kuanzia mwaka 2010, Richard Mosse kutoka Ireland alizunguka huku na Aerochrome ya Kodak, mkanda uliotengenezwa ili kuwasaidia wanajeshi kugundua adui aliyejificha kwenye majani. Mkanda huo huona mwanga ambao jicho la mtu halioni, na majani mabichi hutokea mekundu au rangi ya waridi. Kazi yake, The Enclave, ilionyeshwa Venice mwaka 2013. Wengine waliisifu, wengine wakauliza kama ni halali kuifanya vita ya watu ionekane ya kupendeza hivyo.

Kununua bila kudanganywa

Anayetaka kuanza hahitaji kamera ya bei kali. Pentax K1000, iliyotoka mwaka 1976, inapendwa na wanaojifunza kwa sababu hufanya kazi hata bila betri. Betri ni ya kipimo cha mwanga tu. Canon AE-1 ya mwaka huohuo haifyatuki bila betri, kwa hiyo mnunuzi aje na betri yake mkononi.

Kabla ya kutoa franga, afungue mgongo wa kamera, afyatue kwa kasi zote na kuangalia kama pazia la ndani linafunguka. Kisha aelekeze lenzi kwenye mwanga. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni ukungu, ugonjwa wa kawaida wa kamera zilizokaa kwenye unyevu. Sponji nyeusi za mlango zikiwa zimeoza, mwanga utaingia, lakini hizo zinabadilishwa kwa kazi ndogo.

Shida kubwa ni mkanda wenyewe. Tangu M23 ilipochukua Goma mwezi wa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na mabanki yakafunga milango. Kilichoagizwa kutoka mbali hulazimika kupitia barabara na mipaka, na bei hupanda njiani. Ndiyo maana kila picha kati ya 36 za mkanda mmoja hufikiriwa kwanza. Na kamera kubwa shingoni huonekana kuliko simu: karibu na wanajeshi, mpaka au kizuizi, ni vema ibaki ndani ya mfuko.

Dawa ya jikoni

Njia ya kahawa iligunduliwa mwaka 1995 na Scott Williams na wanafunzi wake wa Rochester, Marekani. Kwa lita moja ya maji huwekwa gramu 54 za soda ya kufulia iliyo kavu kabisa, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa. Mkanda mweusi na mweupe hukaa humo dakika 15, katika joto la nyuzi 20. Hapa Goma ina bahati: mji uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na maji yaliyolala ndani ya nyumba mara nyingi huwa karibu na joto hilo.

Soda inayotakiwa si ile kali ya watengeneza sabuni, ambayo huunguza ngozi na macho. Mkanda huingizwa kwenye kopo lake maalumu katika giza kamili. Baada ya kahawa, husukutwa kwa maji, kisha hutiwa fiksateri, ambayo lazima inunuliwe.

Maji ya kuoshea hayahitaji kuwa mengi. Kopo hujazwa na kugeuzwa mara 5, hujazwa upya na kugeuzwa mara 10, halafu mara 20. Kazi yote haifiki lita 3, hivyo bido moja la lita 20 linatosha mikanda sita. Maji yachujwe kwa kitambaa safi, maana vumbi la volkano hukwaruza mkanda.

Fiksateri iliyotumika hubeba madini ya fedha kutoka kwenye mkanda. Isimwagwe ziwani wala mferejini, kwa kuwa familia nyingi hunywa maji ya ziwa hilohilo. Iwekwe kwenye chupa yenye alama, mbali na watoto, na sufuria ya dawa isirudi kupikia.

Hata asiye na kamera anaweza kuanza na negatifu za zamani za familia. Ashikilie negatifu mbele ya kioo cheupe cha simu, aipige kwa simu nyingine, kisha ageuze rangi kwa programu ya picha. Negatifu yenyewe ikunjwe katika karatasi kavu na kuwekwa pamoja na vyeti vya nyumba, ili siku ya kukimbia ichukuliwe navyo.