Ya Moyoni mwa Kiziwi Nani Atayajua?

Mtu akibanwa na dhiki humwendea amwaminiye akamtolea yaliyomo moyoni. Je, kiziwi amwendee nani, ikiwa nyumba nzima hapana ajuaye lugha yake?

Swali hili lilinikabili Thika, mji wa viwanda na mashamba ya mananasi, kiasi cha kilomita 40 kutoka Nairobi. Huko nilizungumza na mama mmoja mwenyeji wa Mvita, aliyeolewa bara miaka mingi. Mwanawe ni kiziwi tangu utotoni, naye hushona nguo Ruiru, mji ulio katikati ya njia ya kwenda Nairobi. Kijana huyo aliacha kula, akaacha kazi, akawa hataki kuonana na watu. Majirani wakasema ni jini. Alipopelekwa hospitali, daktari aliuliza kwa mdomo na mama akawa ndiye mkalimani. Lakini ishara za nyumbani mwao zilikuwa za chakula, maji, njoo na nenda. Ya huzuni haikuwamo. Wakarudi na vidonge vya maumivu ya kichwa.

Aliyemwokoa ni kiziwi mwenzake wa Ruiru. Walikaa wawili, wakazungumza kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, na yule rafiki akamwuliza wazi kama amefikiri kujitoa uhai. Akajibu ndiyo. Safari ya pili walikwenda hospitali na mkalimani asiyekuwa jamaa, mama akangoja nje, na kijana akaeleza yote. Sasa anatibiwa, na amerudi kwenye cherehani yake.

Hayo si ya nyumba moja tu. Mwaka 2012 jarida la madaktari, The Lancet, lilieleza kwamba watoto viziwi wasioweza kueleweka nyumbani kwao hupatwa na maradhi ya akili mara 4 zaidi kuliko wale wanaoelewana na jamaa zao. Basi linalomdhuru kiziwi zaidi ni upweke, wala si masikio. Na katika Kenya, kwa hesabu ya watu ya 2019, wenye shida ya kusikia walizidi 150,000.

Wako waogopao kwamba kumwuliza mtu habari hizi ni kumtia wazo. Si kweli, Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba kuuliza kwa upole humpunguzia mtu mzigo. Wengine walificha kwa kuogopa polisi, kwani kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kililifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Atatokea wa kusema kwamba dini yetu imeharimisha mtu kujiua, naye atasema kweli. Lakini makatazo hayo kiziwi atayasikia wapi? Ijumaa hukaa msikitini akitazama midomo ya khatibu mpaka sala ikakimiwa, na hotuba yote haikumfikia. Hali fiqhi yenyewe imeipa heshima ishara ya bubu: ikifahamika, nikahi yake husihi. Katiba ya 2010 nayo imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge. Ikiwa kadhi na Bunge wameikubali, ukumbini mwetu inakosa nafasi kwa nini?

Tujifunze basi, wazazi, ndugu na maimamu, japo ishara chache kila wiki. Ukimwona kiziwi amejitenga, halali usiku, au anagawa vitu vyake, mkalie karibu, mwulize wazi, usimwache peke yake, na umpeleke hospitali pamoja na mkalimani asiye wa nyumbani. Yako mambo mtu hawezi kuyasema mbele ya mamake.