Picha Zilizombishia Mwandishi

Mwaka 1489 Ulrich Molitor, mwanasheria wa Konstanz, aliandika kitabu kifupi cha mazungumzo kuhusu wachawi. Je, mtu aweza kupaa angani au kugeuka mnyama? Hapana, alijibu, hayo ni mazingaombwe ya Shetani, ingawa aliyejikabidhi kwake anastahili kuuawa. Lakini tazama picha zilizochongwa kwenye mbao kwa ajili ya kitabu hichohicho: viumbe watatu wenye vichwa vya wanyama wamepanda kijiti chenye panda angani, na wanawake wawili wanatumbukiza jogoo na nyoka chunguni ili mvua ya mawe inyeshe. Mwandishi anakana, mchongaji anakiri. Si ajabu: uchawi hauonekani kwa macho, na fundi wa chapa hana budi kuonyesha kitu. Mnyama ndiye aliyempa fundi huyo umbo la kuonyesha. Basi wanyama hawa tuwasome kama lugha ya karakana, wala si ushahidi wa yaliyotendeka.

Mchongaji Albrecht Dürer anatupa mfano ulio wazi zaidi. Katika chapa yake ndogo ya bamba la shaba, ya mnamo 1500, kikongwe aliye uchi amempanda beberu kinyumenyume, nywele zikipeperukia upande usiotarajiwa. Hata herufi D katika sahihi ya Dürer imegeuzwa, na sidhani kwamba fundi makini kama yeye alipitiwa. Beberu alikuwa ishara ya ashiki tangu sanaa ya Wagiriki, ambao mungu wao wa mapenzi naye alichorwa juu ya mbuzi. Hans Baldung, aliyefanya kazi katika karakana ya Dürer, alimrudisha beberu huyo na mpandaji wake wa kinyumenyume katika chapa ya 1510 huko Strasbourg.

Atakayepinga atasema wachoraji walinakili tu hofu za watu. Ni kweli kwamba hofu ilikuwepo: wanakijiji walilalamikia mizabibu iliyopigwa na mvua ya mawe na ng'ombe waliokauka maziwa. Ila ng'ombe si nyota wa chapa hizi, beberu ndiye. Wengine huona mzaha katika chapa ya Dürer, na huenda wamepatia. Hata hivyo mzaha uliochapishwa husafiri bila mchekeshaji wake, na asiyejua kusoma hakuweza kulisoma kanusho la Molitor. Aliona picha tu. Kwa kosa la kuzichukua picha hizo kuwa ushahidi, lawama kubwa naiweka kwa wachapishaji.