Kanisa la Miti la Namirembe, 1892–1894: Ushahidi wa Usanifu wa Miti Kandokando ya Ziwa Victoria

Mtafiti anayetafuta majengo ya mwanzo ya Kikristo katika mwambao wa Mwanza hupata majina ya mahali kuliko kuta za kupima. Usambiro, kusini mwa ziwa, ndiko Alexander Mackay wa Church Missionary Society (CMS) alikohamia alipofukuzwa Buganda mwaka 1887, na ndiko alikofariki Februari 1890. Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, kilikuwa kituo cha CMS tangu 1888 hadi kilipokabidhiwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Vituo vya zama hizo vilijengwa kwa miti, udongo, matete na nyasi, vitu ambavyo mchwa havibakishi. Hata mifupa ya Mackay haiko tena Usambiro: mwaka 1927 ilihamishiwa Namirembe, Kampala. Makala haya yanaifuata huko, kwa kuwa kanisa la miti la Namirembe lina maelezo ya kutosha ya mashahidi kuweza kuchambuliwa.

Kanisa hilo lilifunguliwa Julai 31, 1892, miezi sita tu baada ya vita vya Mengo, ambavyo upande wa Waprotestanti ulishinda kwa msaada wa Kapteni Lugard. Tarehe hizo hazipaswi kutenganishwa. Machifu walioongozwa na Katikiro Apolo Kagwa walikuwa na mamlaka ya kuita watu kazini, na jengo kubwa kileleni mwa kilima lilikuwa pia tangazo la nani anatawala.

Askofu Alfred Tucker, aliyeliona mwishoni mwa mwaka huo, aliandika kwamba miti karibu 500 ilitumika, mingine ikiletwa kutoka mbali sana na kuhitaji mamia ya watu kubeba gogo moja. Nguzo zilipangwa kwa safu zikabeba paa zito la nyasi. Kati yake yalitandazwa matete yaliyofumwa kwa ustadi ambao Baganda walikuwa wakiutumia katika nyumba za kifalme. Hapa ndipo ninapotofautiana na waandishi wanaoliita jengo la muda. Lilikuwa teknolojia ya ikulu iliyokuzwa hadi kufikia kipimo cha maelfu ya waumini, na mafundi wake hawakuhitaji msumari kutoka ng'ambo. Wala wasingeupata kwa urahisi: mizigo ilitoka pwani kwa vichwa vya wapagazi hadi kusini mwa ziwa, kisha ikavushwa kwa mashua. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901.

Kukuza kipimo kulikuwa na gharama yake. Nyumba ya Kiganda ya mviringo huupitisha upepo pembeni, ilhali ukumbi mrefu wenye paa pana huupokea kama tanga. Oktoba 1894 dhoruba ililiangusha kanisa. Kwa maoni yangu, umbo lilichangia zaidi kuliko udhaifu wa vifaa, maana nguzo zilikuwa na umri wa miaka miwili tu.

Kanisa la tatu, la 1895, lilirudia miti na nyasi. La nne, lililokamilika 1904, lilikuwa la matofali yaliyochomwa chini ya usimamizi wa Kristen Borup, lakini lilibaki na paa la nyasi. Kwa kawaida masimulizi huyataja matofali kama ushindi dhidi ya ukale; husahau kwamba juu ya matofali hayo fundi wa kuezeka alikuwa bado na nafasi yake. Radi ililipiga paa hilo Septemba 1910, moto ukaliteketeza kanisa, na ndipo nyasi zilipoachwa. Kanisa la sasa, lililochorwa na Temple Moore na kukamilika 1919, lina kuba.

Kwa Mwanza, basi, swali la kupeleka uwandani si kama kuta zimebaki. Mashimo ya nguzo huacha udongo wa rangi tofauti hata baada ya miti kuoza, na nafasi kati ya shimo na shimo inaweza kueleza kama mjenzi wa Usambiro au Nassa alifuata ukumbi mrefu au nyumba ya mviringo ya Kisukuma.